Oili ya pawa stelingi kuchemka kwenye traki (uwanja wa mbio): namna ya kuizuia kabla haijamwagikia egzosi

Hii mada ni ya wenye gari za stelingi ya haidroliki, yaani ile yenye pampu inayozungushwa na belti ya injini na kikopo cha oili pembeni yake. Subaru za injini ya EJ, kuanzia Impreza GC8 na GD, Forester SG mpaka STI za juzi juzi, halafu Altezza, Mark II JZX110, BMW E36 na E46, Nissan 350Z, hizo zote ziko kwenye hili kundi. Kama yako ni stelingi ya umeme, oili hauna na hii shida haikuhusu. Mimi nitatumia Subaru kama mfano mkuu kwa sababu ndio zimejaa kila ukienda mashindano ya muda ya KiambuRing au siku yoyote ya traki, ila hatua zenyewe ni zile zile kwa gari yoyote.

Kitu nataka ushike kabla ya zingine ni hiki, rejeta ya oili sio hatua ya kwanza. Watu wengi oili ikitapika tu mara moja wanakimbia kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta rejeta ndogo, wanafunga, na bado wiki ijayo pampu inalia vile vile, kwa sababu mfumo wenyewe ulikuwa unavuta hewa ama oili ilikuwa nyeusi kama lami tangu gari itoke Japani. Unapoza mgonjwa badala ya kumtibu. Fuata mpangilio, utatumia pesa kidogo na utajua kila kitu ulichofanya kimesaidia kiasi gani.

Joto linatoka wapi

Pampu haijui kama umenyoosha au unakata kona, yenyewe inazunguka tu na injini. Pampu nyingi za gari ndogo zinasukuma takriban sentimita za ujazo 8 hadi 10 kwa kila mzunguko, sasa chukulia inazunguka mara 6,000 kwa dakika, hapo inaweza kusukuma kama lita 60 kwa dakika, na stelingi raki yenyewe, yaani ule mtambo unaosukuma magurudumu yakate kona, inahitaji labda lita 6 hadi 8. Hizo zingine zinaenda wapi? Kuna valvu ndani ya pampu inazirudisha hapo hapo ndani, zinazunguka na kusuguana na kupashwa moto bila kufanya kazi yoyote. Mjini hauoni hii kwa sababu unaendesha kwa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,000, traki uko 5,000 hadi 7,000 dakika nzima nzima.

Halafu kuna presha. Ukikata stelingi hadi mwisho na uendelee kuishikilia pale, raki haina tena pa kwenda, presha inapanda mpaka valvu ya usalama inafunguka, na oili yote inapita kwenye katundu kadogo kwa nguvu. Kwa presha ya baa 80 na mtiririko wa lita 8 kwa dakika hesabu inatoa zaidi kidogo ya wati 1,000. Hiyo ni pasi ya umeme umeitumbukiza kwenye oili ambayo kwa gari nyingi haifiki hata lita moja na nusu. Kwa lita moja, joto linapanda zaidi kidogo ya nusu digrii kila sekunde kama halina pa kutokea, sasa jamaa anayefanya donati, yaani kuzungusha gari pale pale, na kushikilia stelingi mwisho sekunde ishirini ameshaongeza zaidi ya digrii 10 kwa mkupuo mmoja.

Ongeza tairi pana zenye gundi, ongeza kasta (mlalo wa gurudumu la mbele kuelekea nyuma) uliyoongezewa na fundi wa alaimenti, kila moja inaongeza uzito ambao pampu lazima iubebe. Na raki kwenye Subaru imekaa karibu na mabomba ya egzosi yanayopita chini ya injini, kwa hiyo inapikwa kutoka nje pia.

Hatua ya 1: hakikisha shida ni joto kweli

Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya.

Cha kwanza ni joto lenyewe. Gari inaanza vizuri, raundi mbili tatu uko sawa, halafu pampu inaanza kulia, stelingi inakuwa nzito au inabadilika uzito katikati ya kona, ukiingia pit (pale pa kusimamisha gari pembeni ya traki) unakuta oili imetoka kwenye kifuniko na boneti ndani imelowa. Ikipoa inarudi kawaida. Alama yake kubwa ni kwamba inakuja baada ya muda.

Cha pili ni hewa. Hapa pampu inalia hata asubuhi gari ikiwa baridi, na ukifungua kikopo unaona povu au oili imegeuka rangi ya maziwa. Hewa inaleta povu, povu linajaza kikopo, kikopo kinatapika, na mtu anasema imechemka wakati hata haijafika digrii 80. Naamini kesi nyingi za Subaru zinazoitwa kuchemka ni hii.

Cha tatu ni stelingi kukaza ghafla ukiigeuza haraka haraka, mfano kwenye koni za slalomu. Unageuza kushoto kulia kushoto na kwa nusu sekunde inakuwa kama imekufa halafu inarudi. Hapo oili inaweza kuwa baridi kabisa, ni pampu tu haijaweza kuleta lita za kutosha kwa kasi ya mikono yako, au belti inateleza. Angalia belti kwanza, ni kitu cha dakika tano.

Hatua ya 2: pima, usibahatishe

Bila namba unapiga ramli. Njia rahisi ni zile stika ndogo za joto ambazo vidoti vyake vinageuka rangi vikifika digrii fulani na havirudi tena. Bandika moja kwenye ukuta wa kikopo, sehemu iliyo chini ya usawa wa oili, na nyingine kwenye bomba la chuma la laini ya kurudi. Baada ya seshoni unasoma digrii ya juu kabisa iliyofikiwa, hata kama ilifikiwa ukiwa katikati ya traki.

Bunduki ya infraredi pia iko poa lakini kuwa makini, chuma kinachong'aa kinaidanganya, inasoma joto la chini kuliko ukweli. Weka kipande cha tepu nyeusi au upake rangi nyeusi isiyong'aa pale unapopimia, na upime mara tu unapoingia, sio baada ya kupiga stori.

Mimi natumia vipimo hivi, kwenye kikopo. Chini ya digrii 100 uko salama, kanyaga. Kati ya 100 na 120 unaweza kuendelea ila punguza raundi na uanze kupanga marekebisho. Ikipita 120 simamisha shughuli, kwa sababu sili nyingi za mpira kwenye pampu na raki ni za aina ambayo haipendi kukaa juu ya digrii 100 hadi 120 muda mrefu, zinakauka, zinakuwa ngumu na kupasuka. Na kumbuka ndani ya pampu ni moto zaidi kuliko kwenye kikopo, unachopima wewe ni upande wa huruma.

Hatua ya 3: ziba hewa

Kwa Subaru anza na oringi, ile pete ndogo ya mpira ya kuziba viungo. Pale mpira wa kunyonya kutoka kwenye kikopo unapoingia kwenye pampu kuna kiungo chenye oringi ndani, na hii oringi ikizeeka inakuwa ngumu kama plastiki. Ujanja wake mbaya ni kwamba haivujishi oili nje, kwa sababu upande ule pampu inavuta, kwa hiyo badala ya oili kutoka, hewa inaingia. Mtu anaangalia chini hakuna tone hata moja, anaambiwa pampu imekufa, ananunua pampu ya eks-Japani, anafunga na oringi ile ile ya zamani au ile iliyokuja na pampu ambayo nayo ina umri wa gari, na kelele inaendelea. Oringi ni kitu cha pesa ndogo sana. Nunua mpya, ya kipimo sahihi na ya mpira wa kuvumilia oili, sio ile ya bomba la maji inayofanana nayo, ipake oili kidogo ndio uiingize, na usafishe uchafu wote pale kabla haujafungua maana mchanga ukiingia kwenye pampu umeiua.

Kisha kagua mpira wa kunyonya wenyewe. Ubinye kwa vidole, ukiwa mgumu au una nyufa ndogo kwenye ncha, badilisha. Klipu zile za springi zikishachoka hazibani tena vizuri, weka klipu za skrubu lakini usikaze mpaka zinakata mpira. Kwenye BMW E46 hizi klipu za mipira ya kikopo ni maarufu kwa kulowesha kila kitu, na ndani ya kikopo chake kuna kichujio ambacho hakisafishiki, kikiziba pampu inakosa oili na inalia, dawa ni kubadilisha kikopo kizima.

Hatua ya 4: oili mpya, ya aina sahihi, kwa kiwango sahihi

Oili ya stelingi ni kitu ambacho watu hawabadilishi maisha yote ya gari. Gari imekuja na kilomita laki moja, imekaa hapa miaka kumi, na oili ni ile ile. Oili iliyoungua inapoteza uwezo wa kulainisha na wa kuzuia povu, kwa hiyo inatengeneza joto zaidi, ambalo linaiunguza zaidi.

Soma kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari. Subaru za EJ na Toyota nyingi za enzi hizo zinatumia ATF (oili ya gearbox otomatiki) ya aina ya Dexron. BMW E46 zingine ni ATF na zingine ni CHF 11S (oili maalum ya haidroliki), imeandikwa pale kwenye kifuniko na hizi mbili hazichanganywi. Honda za haidroliki zinataka oili yake maalum ya stelingi, usiweke ATF. Na tafadhali, oili ya breki isiingie humo hata tone, inavimbisha sili za mpira na kuziharibu, pampu na raki vyote vinakwisha. Kwa traki chagua ya sinthetiki ndani ya aina ile ile gari yako inataka, inavumilia joto vizuri kuliko ya kawaida.

Kuibadilisha iko hivi. Nyanyua mbele gari, weka stendi, usitegemee jeki peke yake. Toa mpira wa kurudi kwenye kikopo, ziba ule mdomo wa kikopo uliobaki wazi, na mpira uingize kwenye chupa tupu. Injini ikiwa imezimwa, mwenzako ageuze stelingi taratibu kutoka mwisho hadi mwisho huku wewe unajaza oili mpya kikopo kisiishe. Endelea mpaka inayotoka ni safi kama ile unayojaza, lita mbili kwa kawaida zinatosha. Rudisha mpira, kaza klipu.

Kiwango sasa. Oili inatanuka, kwa digrii 80 za ongezeko ni karibu asilimia 6 ya ujazo, kwa hiyo lita moja inazaa kama mililita 60 za ziada. Kikopo ukikijaza mpaka mdomoni hizo mililita 60 zitatoka kupitia kifuniko, hamna njia. Jaza mpaka alama ya baridi wakati gari ni baridi, basi. Wengi wanaojaza kupita kiasi wanafanya hivyo wakidhani wanasaidia, na ndio hao boneti zao zimelowa.

Funga pia kitambaa cha kunyonya, ile bendi ya jasho ya mkononi inafaa sana, kuzunguka shingo ya kikopo chini ya kifuniko. Haizuii joto, lakini matone machache yakitoka yanabaki pale na sio kwenye egzosi, na ukiivua unaona mara moja kama kuna kilichotoka.

Hatua ya 5: rejeta ya oili

Ukifika hapa na vipimo bado viko juu ya 100, sasa ndio wakati wake. Gari nyingi zina kitanzi kimoja cha bomba la chuma mbele ya rejeta ya maji kama kipozeo, nyingine hazina hata hicho. Kwa mjini kinatosha, kwa traki mara nyingi hakitoshi. Nissan 350Z ni mfano unaojulikana kote, kuweka rejeta ya oili ya stelingi ni kati ya vitu vya kwanza watu wake wa traki wanafanya.

Rejeta inafungwa kwenye laini ya kurudi, yaani kati ya raki na kikopo, ambako presha ni ndogo. Usiguse laini ya presha inayotoka kwenye pampu kwenda raki. Ile inabeba baa 80 na zaidi, rejeta ya kawaida itapasuka na oili moto itarushwa kila mahali. Kama hauna uhakika ni ipi, ya presha ina ncha za chuma zilizobanwa na mashine na nati za kufunga, ya kurudi ni mpira wa kawaida wenye klipu.

Rejeta gani? Ndogo ya gearbox otomatiki inafaa kabisa, hata ya eks-Japani kutoka gari iliyokatwa, ila ya mitumba uioshe ndani mpaka kinachotoka kiwe safi kabisa, chembe za chuma za gearbox ya mtu mwingine hautaki zifike kwenye raki yako. Zile za sahani zilizopangwa zinapoza vizuri zaidi kwa ukubwa ule ule kuliko zile za bomba na mapezi, lakini ya bomba na mapezi inatosha kwa wengi wetu na ni rahisi. Usichukue yenye matundu membamba sana, ukiziba njia ya kurudi oili inarundikana nyuma na sili za raki zinaanza kulalamika. Pima kipenyo cha mpira wako wa kurudi kwa vernia, mara nyingi ni karibu milimita 10, na midomo ya rejeta iwe saizi hiyo.

Mpira uwe wa oili ya gearbox au haidroliki, umeandikwa pembeni. Mpira wa maji wa hita utavimba na kuwa laini kama ndizi iliyoiva, na utachomoka siku ambayo hautaki.

Mahali pa kuiweka ni mbele ya kondensa ya AC, pale upepo unaingia wa kwanza, na uache nafasi ya kidole kimoja nyuma yake. Isikae nyuma ya rejeta ya maji, pale hewa imeshapata moto. Isikae pia pembeni mwa bampa mahali hewa haina pa kutokea, hewa isipotoka haipozi. Tengeneza breketi ndogo za bati na vipande vya mpira kati yake, zile kamba za plastiki za kupenyeza kwenye mapezi ya rejeta ya maji zinasugua na siku moja zinatoboa. Midomo ielekee juu ili hewa isibaki imenaswa ndani. Kama unatoka kwako kwa barabara ya murram weka wavu wa waya mbele yake, jiwe moja linatosha kuharibu siku nzima. Mipira ipite mbali na puli, belti na egzosi, na popote inapopita kwenye ukingo wa bati uivalishe kipande cha mpira mwingine.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna jambo watu hawalifikirii. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa huku ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko Mombasa, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Kwa hiyo rejeta iliyomtosha mtu wa pwani ya bahari kwenye nchi baridi inaweza isikutoshe wewe, ukibabaika kati ya saizi mbili chukua kubwa. Na wenzetu mlio Dubai na Muscat mnaoendesha hewa ikiwa digrii 40, nyie msibabaike hata kidogo, ni ile kubwa.

Hatua ya 6: toa hewa

Hapa ndipo kazi nzuri inaharibiwa kwa haraka. Umeongeza rejeta na mipira, humo ndani kuna hewa nyingi. Magurudumu ya mbele yakiwa juu, injini imezimwa, kifuniko wazi, jaza oili mpaka alama ya baridi, geuza stelingi taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, mara 15 au 20, ukiongeza oili inaposhuka. Ukiona mapovu yanapanda endelea, yakiisha subiri dakika kadhaa. Ndio sasa uwashe injini, iache silensa (ikinguruma bila kukanyaga), geuza tena mwisho hadi mwisho mara chache bila kushikilia kule mwisho. Povu likitokea zima, subiri lishuke, rudia. Ukiwasha injini kwanza na kukanyaga, pampu inapiga hewa na oili mpaka inakuwa kama maziwa ya kutikiswa, na kuitoa hiyo hewa ni saa nzima ya kungoja.

Ukimaliza endesha kama kilomita kumi, rudi, angalia kila kiungo kwa tochi, kaza klipu, ongeza oili kama imeshuka.

Hatua ya 7: punguza mzunguko wa pampu

Hii naipenda kuliko zote kwa gari ambayo inaishi traki, kwa sababu inapunguza joto lisitengenezwe badala ya kulifukuza baadaye. Puli ya pampu ikiwa kubwa kwa asilimia 20, pampu inazunguka kwa asilimia 83 ya kasi ya zamani. Kwenye RPM 7,000 bado unapata oili tele. Gharama yake ni kwamba stelingi itakuwa nzito ukiwa silensa, kupaki kutahitaji misuli, na urefu wa belti unabadilika kwa hiyo upime upya.

Kwenye EJ belti moja ndio inazungusha pampu na alteneta. Ukiweka puli ndogo kwenye kranki (shafti kuu ya injini inayozungusha belti) badala ya kubwa kwenye pampu, umepunguza na chaji ya betri pia, na gari yenye feni za umeme na taa na pampu ya mafuta ya ziada itakuja kukuangusha. Badilisha ya pampu, iache ya kranki.

Hatua ya 8: kinga joto la nje

Fupi tu. Bati la kukinga joto kati ya egzosi na raki, soksi za kukinga joto kwenye mipira inayopita karibu na daunpaipu (bomba la egzosi linaloshuka kutoka kwenye tabo), na zile ngao za kiwandani ambazo fundi alizitoa akafunga egzosi mpya, zirudishe. Zina kazi.

Hatua ya 9: endesha ukijua

Usishikilie stelingi mwisho. Kwenye kona kali ukifika mwisho rudisha kidogo, hata sentimita mbili za mkono, presha inashuka papo hapo na gari haitaona tofauti. Raundi ya mwisho iwe ya kupoza, gia ya juu, RPM chini, upepo unapita. Ukiingia pit nyoosha magurudumu, fungua boneti, usizime injini ghafla kama umetoka kukanyaga. Kwenye foleni ya kusubiri zamu yako usikae umekata stelingi, injini ikinguruma na hakuna upepo. Mashindano ya muda yana raundi fupi na foleni ndefu, na joto lingine linaingia pale kwenye foleni.

Asubuhi baridi fanya kinyume, endesha polepole kwanza oili ipate joto, oili nzito ya digrii 12 ukiikanyagia RPM 6,000 pampu inakosa oili na kuvuta povu.

Wa drifti, yaani wa kuteleza kwenye kona makusudi, mna kazi ngumu zaidi, stelingi iko mwisho nusu ya muda na RPM iko juu muda wote. Kwenu rejeta na puli vyote viwili, na kikopo kikubwa zaidi kama unapata nafasi. Wengine wanahamia pampu ya umeme, ile ya Toyota MR2 ndio inatumika sana, inazunguka kwa mota yake na haijali RPM ya injini, ila inataka waya mnene na fyuzi ya maana na fundi wa umeme anayejua anachofanya.

Ikishatokea uko ndani ya traki

Stelingi imekuwa nzito ghafla, unanusa oili, moshi unatoka kwenye boneti. Punguza mwendo, toka kwenye mstari wa wenzako, ingia pit au simama penye mashali (wasimamizi wa traki). Stelingi bado inafanya kazi bila pawa, ni nzito tu, kwa hiyo usishtuke, ishike kwa mikono miwili. ATF inashika moto ikimwagikia egzosi au tabo iliyopikwa kwenye traki, kwa hiyo zima injini mara tu unaposimama, toka na kizima moto cha poda mkononi, na boneti usiifungue wazi. Ifungue nafasi ndogo tu, penyeza poda, ndio uangalie. Ukiifungua yote kwa haraka umeupa moto hewa. Maji usimwage, oili inayowaka inasambaa nayo.

Kama ilikuwa ni kutapika tu bila moto, acha ipoe angalau nusu saa, futa kila tone kwenye egzosi na chini ya gari, ongeza oili ya aina ile ile mpaka alama, toa hewa, na usirudi traki siku hiyo mpaka umejua imetokea wapi. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua basi ni kuibadilisha yote, na angalia pia sili ya mbele ya pampu nyuma ya puli na buti za raki (mipira yenye mikunjo inayofunika ncha za raki). Binya buti, ukisikia oili ndani, sili za raki zimeshakwisha na hapo ni raki kufunguliwa.